Siku Bibi Apolonia Alipopatanishwa

Bibi yangu Apolonia alitutoka mwezi wa tano, akiwa na miaka themanini na tisa na meno sita. Mungu amlaze pema na ampe jirani mchokozi. Msibani watu walitaka kujua siri ya uzee ule: alikuwa anakula nini? Niliwajibu michembe na mlenda, kwa kuwa nilikuwa nalia na sikuweza kuanza kueleza habari za Mzee Raphael.

Raphael ni binamu yake, mtoto wa mjomba. Kwetu Usukumani mabinamu ni watani. Kila asubuhi, akishamaliza rozari, bibi alivuka mashamba mawili ya pamba pale Samuye, akasimama nje ya ua wa minyaa wa Raphael na kupaza sauti kwa salamu ya asubuhi ya Kisukuma.

"Mwangaluka, we mzoga! Bado unapumua?"

"Napumua kwa shida, harufu yako imetangulia. Umeoga lini?"

"Siku uliyozaliwa. Niliona sura yako, nikakimbilia kisimani kunawa macho!"

Kisha walikunywa uji pamoja, na bibi akarudi nyumbani akitembea kama msichana.

Miaka mitatu iliyopita alikuja katekista mpya, Charles, kijana mwema kutoka mkoa wa mbali. Asubuhi moja, akipita na baiskeli, alimsikia bibi akimwambia Raphael kwamba amekwisha kumchimbia kaburi, tena fupi, ili akunje miguu. Katekista nusura aanguke. Jumapili aliwasimamisha wote wawili mbele ya jumuiya, akawasomea habari za kusameheana, akawataka waahidi kutotukanana tena. Waliahidi. Sisi wajukuu tukapiga makofi, maana nani angemkosoa katekista?

Kesho yake bibi alikwenda kama kawaida.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Umeamkaje?"

"Salama. Wewe?"

"Salama."

Wakabaki wanatazama kuku.

Siku ya tatu hakwenda. Wiki ya pili hakutoka kitandani. Zahanati walisema presha nzuri, malaria hakuna. Lakini alikula vijiko viwili tu vya uji, magoti yakagoma, na akaanza kugawa vitenge vyake. Alipofikia kile cha Krismasi, niliogopa kweli. Nikamkimbilia katekista.

"Mwalimu, bibi anakufa kwa adabu!"

Nilimweleza utani wetu. Alishika kichwa.

"Kwa hiyo walikuwa wanapendana?"

"Sana. Sasa umewafanya wageni."

Alasiri ileile alimpakia Mzee Raphael kwenye baiskeli, naye kakonda kama ufito, wakaja nyumbani.

"Bibi, nilikosea mimi," katekista alisema. "Ile ahadi nimewafungua."

Raphael alisogea kitandani, machozi yakimlengalenga.

"Hata kufa kumekushinda," alisema. "Wiki mbili nasubiri wali wa msiba, njaa imeniuma mpaka nimekonda!"

Bibi alifumbua jicho moja. "Nani kamwingiza huyu fisi ndani?" Alinigeukia. "Nelly, nipe fimbo."

"Fimbo ya nini? Wewe kusimama utaweza?"

Alisimama. Alitetemeka kama ndama aliyezaliwa sasa hivi, lakini alisimama. Katekista, kwa furaha, akaanza ishara ya msalaba ili tumshukuru Mungu.

"Subiri kidogo, Mwalimu," bibi alisema. "Kwanza nimalizane na huyu."