Tembe za Nyambura

Naukumbuka mwaka ule nilipoanza kuungua ndani kwa ndani, mwanangu. Tangu uliponiambia jana kwamba mwenzako kazini amekupa tembe zake za homoni zikutulizie joto la kukoma hedhi, sijatulia. Nimeosha hata vyombo vilivyokuwa safi. Hebu nisikilize kabla hujameza.

Nilikuwa nashona sare kwenye kiwanda kimoja hapa Thika. Hedhi ilikuwa imekoma, lakini joto lilinipanda hadi jasho likadondokea kitambaa, na usingizi ulinihama kabisa. Rafiki yangu Nyambura wa mtaa wa Mwihoko, tuliyekuwa naye kwenye chama cha akina mama, alikuwa amepata nafuu kwa dawa ya hospitali. Nawe unatujua watu wa chama: tunaazimana sufuria, viti, hata nguo za harusi. Akanigawia tembe. Nililala, mwanangu! Nikamwombea baraka kila asubuhi.

Kisha damu ikarudi. Mimi, kichwa maji, nikafurahi nikidhani ujana umerudi. Nikamsimulia tata Wairimu, dada mdogo wa mama yangu, huku nikicheka. Yeye hakucheka.

"Nyambura si alitolewa kizazi?"

"Ee, sababu ya uvimbe."

"Na wewe chako kiko. Sasa mbona unakunywa dawa yake? Ngai! Vaa viatu twende kwa daktari saa hii."

Daktari alieleza kwamba tembe zile zilikuwa na estrojeni tu, homoni ambayo peke yake humfaa aliyetolewa kizazi. Mwenye kizazi huongezewa homoni ya pili, la sivyo ukuta wa ndani hunenepa na unaweza kugeuka saratani. Wangu ulikuwa umenenepa. Walitoa kipande kidogo wakakipime, na kungoja majibu ya maabara kulinitesa; niliogopa kufa nawe ungali shuleni. Haikuwa saratani, Mungu ashukuriwe. Nilitibiwa, na baadaye nikapewa dawa iliyonifaa mimi.

Kwa hiyo sikukatazi homoni. Zinarudisha usingizi, zinalinda mifupa. Lakini wewe ulipojifungua Kamau, damu iliganda mguuni, na shangazi yako aliugua saratani ya matiti. Homoni zinaweza kuongeza hatari ya hayo, kwa hiyo mwambie daktari yote mawili, usione haya. Muulize utafaidika nini, utahatarisha nini, na utazitumia kwa muda gani. Akisema hazikufai, muulize njia nyingine, zipo. Na damu ikirudi, usicheke kama mimi.

Mungu akulinde, mwanangu, akupe usingizi mtamu na uzee wenye nguvu kuliko wangu. Sasa mrudishie mwenzako tembe zake, kisha unipigie simu, nami niweze kukaa chini.