Nilivyoshuka Ziwani Kumlilia Mama Mdogo

Barabara ya kutoka Mbinga kushuka Mbamba Bay siku hizi ni lami tupu, na watu wanaisifia kweli. Wapo wanaotoka mbali kuja kupiga picha kona zake. Mimi asubuhi ile sikuwa na habari na kona. Nilikuwa nashuka ziwani kumlilia mama mdogo, aliyezikwa tangu kabla ya Pasaka, na hofu yangu kubwa ilikuwa kwamba nitafika halafu machozi yasitoke.

Nieleze vizuri, maana mtu wa mbali anaweza kuniona wa ajabu. Kwetu, aliyekosa maziko bado ana safari ya kuhani. Haingii tu katika ile nyumba na kusema hodi. Akifika pembeni ya uwanja anaanza kulia kwa sauti, anamwita marehemu kwa cheo chake cha udugu, anamuuliza amemwachia nani. Wanawake wa nyumba wanaacha walichoshika, wanatoka, wanalia naye kana kwamba maiti bado iko ndani. Kisha wanamkalisha mkekani na kumsimulia ugonjwa wote: ulianzaje, marehemu alikula nini mara ya mwisho, alisema nini, nani alikuwa amemshika mkono. Ukishasimuliwa unapewa maji unanawa uso, na hapo msiba unakuwa wako pia. Bila hayo unabaki unaning'inia. Unajua kwamba mtu amekufa, lakini ni kama umesikia tangazo redioni.

Mimi nilikuwa naning'inia. Wakati anazikwa nilikuwa nimelazwa Songea, nimefanyiwa upasuaji wa tumbo. Ndugu walikaa kikao wakakubaliana nisiambiwe, kwa kuwa mgonjwa hapewi habari mbaya. Walikuja kunitazama na machungwa, wakakaa kwenye benchi la wodi wakizicheka nywele zangu, na kumbe mama mdogo ameshalala udongoni. Nilipowauliza anaendeleaje, walinijibu anakusalimu. Anakusalimu! Nilipotoka nikaambiwa ukweli, niliununia ukoo mzima. Niliwaambia mtu mzima hafichwi kifo. Wakasema walifanya hivyo kwa kunipenda, nami nikawajibu kwamba upendo wa namna hiyo wakawapelekee mbuzi.

Basi wao walishuka wote pamoja kwa basi la kukodi, wakalia pamoja, wakarudi wakiimba. Mimi nilisubiri kidonda kikauke na daktari aniruhusu kushika usukani. Niliwaomba wawili watatu wanisindikize, na kila mmoja akawa na kahawa yake ya kuchuma. Kweli ulikuwa msimu, siwalaumu sana. Halafu walishamaliza kulia, na huwezi kumwomba mtu akarudie. Watoto wangu wako Dodoma na Dar es Salaam. Mume tuliachana zamani, na nadhani sote wawili tumeshapona. Nikajaza mafuta nikaondoka.

Mbinga ilikuwa na ukungu na baridi ile ya mwezi wa sita inayoingia hadi kwenye meno. Nilikuwa nimevaa sweta na juu yake koti, na kwenye kiti cha pembeni nimeweka debe la maharage mapya na kahawa ya kusaga, maana huendi kuhani mikono mitupu. Ukungu ulipoanza kunyanyuka, milima ikajitokeza na ngolo zake, yale mashimo ya shambani yanayopangwa safu kwa safu kutoka bondeni hadi kileleni. Kwetu Umatengo mwanamume anafyeka majani na kuyalaza kwa miraba, mwanamke anakuja nyuma yake anayafukia kwa udongo, shimo linabaki katikati kushika maji ya mvua. Baba yangu alikuwa Mmatengo, mama na mdogo wake walikuwa watu wa ziwani. Mama mzazi alipofariki nikiwa mtoto wa darasa la pili, mama mdogo alipanda huku kunichukua, akasimama ukingoni mwa shamba la baba akashangaa. "Jamani, hawa watu wanalima au wanashona?" akasema. Na yeye mwenyewe mume wake alikuwa fundi cherehani.

Nilikumbuka hilo nikacheka peke yangu ndani ya gari. Kucheka kulikuja kirahisi mno. Nikajiambia, wewe, unakwenda kulia, unacheka nini?

Nikaamua nijaribu. Pale kona zinapoanza kukaza, unapolazimika kushika gia ya pili na kuangalia bonde upande mmoja na ukuta wa mwamba upande mwingine, nilifunga vioo nikaita kwa sauti, "Mama! Mama yangu, umeniachia nani?" Sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu anayeita mwenzake aje ale. Nikajaribu tena, nikavuta mwisho kidogo kama wanavyofanya wanawake wenye kipaji chake. Lori la makaa ya mawe likatokea mbele yangu, dereva akanitazama nikiwa nimeachama, akanipungia mkono. Nikaacha mazoezi.

Kusema kweli niliogopa. Mama mdogo alinilea, alinisomesha kwa kuuza vitumbua na usipa, dagaa wetu wa ziwani, wa kukausha, alinifundisha kuogelea kwa kunitupa majini. Kama nisingeweza kumlilia yeye, ningemlilia nani? Nilifikiri labda ule upasuaji umenitoa na kitu kingine ambacho daktari hakukisema. Nilikuwa nimelala nyumbani wiki nyingi nikingoja kulia, na nilichofanya ni kufua mapazia.

Mbele ya njia ya Kingerikiti niliona watu wanang'oa maharage, familia nzima, hata mtoto mgongoni. Walikuwa wakitaniana kwa sauti hadi nikawasikia kupitia kioo kilichofungwa. Nilipunguza mwendo bila sababu yoyote. Hakuna aliyeinua kichwa, nikaongeza tena mwendo.

Kuna mahali juu ya mteremko wa mwisho ambapo ziwa linaonekana lote kwa mara moja. Siku hiyo lilikuwa la buluu nzito, na milima ya ng'ambo imefifia. Kulikuwa na gari limesimama, na vijana wanne wamejipanga ukingoni. Waliponiona nasimama kupumzisha mguu, mmoja akaja na simu. "Shikamoo, mama. Tunaomba utupige picha, sote tuingie."

"Marahaba. Simameni vizuri basi, huyo wa pembeni atakatika."

Niliwapiga kadhaa. Walikuwa na adabu, wakataka na mimi wanipige, nikakataa kwa kuwa anayekwenda msibani hapigwi picha. Sikuwaambia sababu. Wakaondoka na muziki wao, nikabaki na ziwa. Nilikaa pale juu ya jiwe muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Sijawahi kujisikia mpweke kama nilivyojisikia wakati ule, na uzuri wa mahali ulizidisha, maana kitu kizuri hivyo unataka umgeukie mtu umwambie, ona.

Kushuka kutoka pale ni kama kuingia jikoni. Nilivua koti, nikavua sweta, nikafungua vioo. Nikapita Mbamba Bay bila kusimama, nikashika barabara ya vumbi inayokwenda upande wa Liuli, katikati ya mikorosho na mihogo. Kabla ya kufika kwenye nyumba nilisimamisha gari, nikafunga kanga moja kiunoni na nyingine nikajitanda kichwani, nikatembea kwa miguu hadi pembeni ya uwanja, kama inavyotakiwa.

Na pale, bila mazoezi yoyote, kilio kikatoka chenyewe. Niliona mlango wa jiko alikokuwa akikaa, niliona usipa umeanikwa kwenye vichanja kama siku zote. "Mama! Mama yangu mimi! Umeniachia nani, mama!" Nilisikia sauti yangu ikienda mbali, nikafurahi. Ni ajabu kusema hivyo, lakini nilifurahi kweli. Nikasema, asante Mungu, naweza.

Wifi yangu, mke wa mtoto wa mama mdogo, alitoka jikoni mbio, miguu mitupu. Nilifungua mikono nikijua anakuja tulie. Akanifikia, akaniziba mdomo kwa kiganja kinachonuka samaki.

"Wifi, nyamaza! Nyamaza, nakuomba, atasikia!"

Akanivuta hadi nyuma ya jiko, mimi nikihangaika kama kuku. Huko ndiko alikonieleza kwa kunong'ona. Baba mdogo, mume wa marehemu, alikuwa ameanza kusahau mambo tangu mwaka juzi, hilo nililijua. Nisichokijua ni kwamba baada ya maziko alikuwa akiamka kila asubuhi na kumuuliza mkewe yuko wapi. Wakimwambia, alilia kama ndiyo kwanza anasikia, akakataa kula, akajigaragaza. Akilala usingizi ulifuta kila kitu, na akiamka anauliza tena.

"Tumemzika mama kila siku, wifi," akasema. "Mpaka kasisi akaja akatuambia basi, muacheni. Sasa tunamwambia ameenda kumtazama mgonjwa. Anaridhika. Lakini akisikia mtu analia uwanjani, anajua."

Nilikaa chini kwenye kuni. Kilio changu kilikuwa kimekatizwa njiani, na sikujua mtu hukifanyaje kilio cha namna hiyo.

"Basi nisimulie," nikamwambia. "Polepole, hapa hapa."

Akainama karibu yangu. "Ilianza na homa tu, siku ya Jumapili. Alikuwa amerudi kanisani..."

"Nani huyo amekuja?" Baba mdogo aliita kutoka barazani, kwa sauti ya mtu aliyeamka usingizini. "Naona gari limesimama kule njiani!"

Wifi akanifuta uso kwa upindo wa kanga yake, akanisukuma mbele.

Alinitambua palepale. Alikuwa amekonda, shati limefungwa vifungo sawasawa kama ilivyo kwa fundi wa nguo, na alifurahi hadi akasimama bila fimbo. "Shikamoo, baba," nikapiga goti. "Marahaba, mwanangu, marahaba. Hawajambo huko baridini? Kahawa imekubali?" Tuliongea kuhusu kahawa, kuhusu lami, kuhusu tumbo langu. Alikuwa mchangamfu kuliko wote niliowaona tangu nitoke hospitali. Wifi akaleta ugali wa muhogo na samaki wa ziwani, magege wa mchuzi, akaleta na maji ya kunawa.

Baba mdogo hakunawa. Alimngoja wifi aingie ndani, kisha akaniinamia.

"Hawa watoto hawaniambii," akasema. "Kila siku mgonjwa, mgonjwa. Mgonjwa gani asiyepona? Wewe si mtu wa kunificha. Mama yako yuko wapi?"

Nilimtazama machoni. Dunia nzima ilikuwa imeshamaliza kumlilia mama mdogo isipokuwa watu wawili, na wote wawili tulikuwa tumekaa pale barazani mbele ya sahani moja ya samaki. Neno moja tu, na ningepata mwenzangu. Angelia nami hadi jua lizame, angenishika, angeita jina lake. Nilitamani, Mungu anajua nilivyotamani. Mdomo niliufungua kabisa.

"Nimemwacha Mbamba Bay, baba. Sokoni. Anakuja."

Uso wake ukafunguka. Halafu ukakunjamana, akawa mkali kama zamani nikichelewa kurudi kutoka kuchota maji.

"Umemwacha? Gari lote hilo umekuja nalo tupu, ukamwacha mwenzako atembee kwa miguu na jua hili?"

"Alisema nitangulie, baba."

"Nenda kamchukue. Sasa hivi. Mwambie tunamsubiri kula."

Nilimtazama wifi aliyekuwa amesimama mlangoni. Akanionyesha kwa kidevu upande wa kanisa, kule nyuma kwenye mikorosho. Nilichukua ufunguo nikaenda.

Kaburi lilikuwa bado halijajengewa. Udongo ulikuwa umeshuka kidogo, msalaba wa mbao umeandikwa kwa rangi ya maji. Nilipiga magoti nikamwambia kile nilichotumwa, kwamba chakula kiko tayari, tunamsubiri. Hapo ndipo nilipolia. Nililia kwa sauti yangu yote, nikamwita, nikamuuliza yale yote anayotakiwa kuulizwa, na hakuna aliyetoka kulia nami, wala hakuna aliyekuja kuninyamazisha.

Niliporudi, baba mdogo alikuwa amekula na kusinzia kitini. Wifi aliniambia alichoka kungoja. Mezani kulikuwa na sahani yangu, na pembeni yake sahani nyingine, imefunikwa kwa kawa, na kipande kikubwa cha samaki alichokichagua mzee mwenyewe. Nilinawa, nikala changu, nikaiacha ile nyingine imefunikwa.