Visogo Vyangu na Sahihi ya Shemeji

Wamenijia tena wale vijana wa maonyesho, kamera shingoni, eti, "Bibi, tuandikie safari yako ya sanaa." Safari gani? Mimi sijasafiri. Nimepanda ngazi na kushuka, basi. Na kalamu si kitu changu, shule niliiacha mapema. Lakini nitaandika, kwa sababu ninyi mmeshaandika uongo, tena mmeutundika ukutani.

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa mchoraji wa mabango na kuta za maduka. Nilihamia kwao mama alipofariki. Kwa vile nakula chakula chake, akasema, nioshe brashi zake. Nikaosha, mafuta ya taa yakanichubua vidole. Baadaye akaniachia rangi ya chini, kisha mashati, kisha viatu, kisha mikono. Mwisho ikawa yeye anachora nyuso tu, halafu anatia sahihi yake pembeni, na mkia mrefu kama wa mjusi.

"Nyuso ni zangu," alikuwa ananiambia. "Siku ukiujua uso, utanikimbia."

Nilimkimbia hata bila kuujua. Tulikuwa tumemaliza ukuta wa duka la dawa, picha ya mama amempakata mtoto. Mwenye duka akasema, "Mikono hii jamani, kama inapumua!" Shemeji akajibu, "Ahsante, mikono imenikubali." Mimi nimesimama hapo hapo na kopo la rangi. Nikaliweka chini, nikaondoka.

Kazi yangu ya kwanza peke yangu nikaipata kwa kinyozi. Alitaka kijana aliyenyolewa vizuri, ukutani, kando ya mlango. Nikachora shati, nikachora shingo, nikafika usoni. Weee! Jicho moja likaangalia barabara, jingine likaangalia mbinguni, mdomo kama wa mbuzi aliyetafuna limau. Watu wakasimama kucheka. Shemeji naye akapita na ngazi yake begani.

"Shemeji," akapaza sauti mpaka ng'ambo wasikie, "huyo amenyolewa au amegongwa?"

Nikachukua kisu cha kukwangulia rangi, nikaukwangua uso wote mbele yao. Palipokuwa na pua nikapaka nywele. Vifungo vya shati nikavifuta. Nikamgeuza mtu mzima mzima. Nikachora mstari wa wembe, mkunjo wa shingo, masikio kwa nyuma, na kivuli chake. Msiniambie ilikuwa busara. Ilikuwa hasira, na kisogo ndicho nilichokijua, maana miaka yote nilisimama nyuma ya mtu yule nikiangalia chake.

Kinyozi akatoka. "Dada, mbona mteja wangu amenipa mgongo? Tumegombana?"

"Subiri ikauke."

Kabla haijakauka akaja mzee mmoja, akaangalia ukuta, akajipapasa shingoni. "Kinyozi, huku nyuma na mimi huwa unaniacha hivi?"

"Karibu na hivyo, mzee wangu."

"Karibu! Na mimi sijioni! Leo ninyoe kama huyo, sio karibu na huyo."

Kufika jioni walikuwa wanapanga foleni wakinyoosha kidole ukutani. Tangu hapo sikuchora uso tena, na sikuutamani. Fundi cherehani nikamchorea mwanamke anayeondoka, gauni limemkaa, zipu imenyooka mgongoni. Muuza vitanda nikamchorea mtu aliyelala ameelekea ukutani. Watu walisema kila ninayemchora anaonekana ametoka kugombana na mtu. Ndiyo, ametoka kugombana. Wakaniita Mama Visogo, nikaitika.

Shemeji hakulala kwa wivu. Asubuhi moja nakuta chini ya kijana wangu, ukutani kwa kinyozi, mkia wa mjusi. Sahihi yake! Kwa fundi cherehani, ipo. Kwa muuza vitanda, ipo. Nikaenda karakana kwake, nikamkuta dada mlangoni anafua.

"Mwachie tu, mdogo wangu. Jina tu hilo."

"Kama ni jina tu, mbona hakuandika lako?"

"Una jeuri wewe. Umekula kwetu, umelala kwetu, leo unataka kumvua nguo mume wangu barabarani?"

"Sijamvua bado."

Ningefuta sahihi, angerudi kuiandika. Kwa hiyo sikufuta. Mwenye bucha, mkabala na karakana, alikuwa anataka picha ya mteja anayeondoka na nyama. Nikampa mteja. Bega moja limeshuka kwa kubeba ngazi. Shati limechomoka nyuma. Visigino vya viatu vimekanyagwa. Upara katikati, na kando ya upara kinundu ambacho mwenyewe hajawahi kukiona. Sijamaliza, watoto wa mtaa wakawa wanaimba jina lake.

Akatoka mbio. "Huyo ni nani?"

"Mteja."

"Nakuuliza, huyo ni nani!"

"Shemeji, brashi hii hapa, ina rangi bado. Tia sahihi. Kazi zangu zote unatia, hii imekukosea nini?"

Akaishika. Akaangalia ukuta, akaangalia watu. Mwenye bucha akasema, "Andika bwana, tuwe na uhakika ni wewe."

Akaitupa chini, akageuka, akaondoka. Hapo ndipo mtaa mzima ulipovunjika mbavu, maana sasa walikuwa wawili, mmoja ukutani na mmoja barabarani, bega lile lile, upara ule ule, wanaondoka pamoja.

Hakugusa kuta zangu tena. Dada naye hakunipa mkono mpaka akafa, tukamzika. Na radhi siombi.

Zile sahihi za mwanzo niliziacha, kila mtu alijua ukweli. Sasa waliojua wamekwisha. Mmekuja ninyi na kamera, mmeona mkia wa mjusi, na chini ya picha ya ukuta wa kinyozi mkaandika jina lake, halafu kwa herufi za sisimizi: "akisaidiwa na shemeji yake." Mimi! Nimemsaidia!

Basi wewe unayesoma, una miguu. Nenda kwenye ukumbi wao, picha iko kushoto ukiingia. Kikaratasi cha chini kimebandikwa kwa gundi ya hovyo, kinatoka kwa ukucha. Kibandue, uniletee mkononi. Ukija bila hicho, usibishe hodi.