Neno la Upanga kwenye Karatasi ya Cherehani

Siku ya kwanza kazini nilivaa kanzu mpya na koti la marehemu baba, nikafika dukani kabla mwenyewe hajafungua milango. Nilikuwa kijana wa Zinga niliyepita shule ya serikali nikapata Kiingereza cha kuandikia, na kabla ya hapo nilikaa miaka kwa sheikh wetu nikapata nahau ya Kiarabu na fiqhi. Vijana wenye vyote viwili hatukuwa wengi Bagamoyo wakati ule, na mimi nilijijua. Mwenye duka, tuliyemwita Seti, alikuwa wakala wa kampuni ya cherehani. Alikuja na funguo zake kiunoni, akanitazama toka kofia mpaka makubadhi, akaniuliza kama mimi ndiye mwandishi. Nikasema ndimi. Akaweka mezani cherehani ya mkono, na pembeni yake kitabu cha Kiingereza kilichokuja nayo.

"Kitabu hiki nakitaka kwa Kiarabu," akasema. "Hasa hapa pa kufungua na kusafisha. Pa kushona wanapajua wenyewe."

Ninyi mnaosoma leo mtashangaa kwa nini Kiarabu na si Kiswahili. Wateja wakubwa wa Seti walikuwa nyumba za Kimanga, za Waarabu wa Omani, na katika nyumba zile cherehani ilikaa ndani, kwa wanawake, mahali ambapo fundi mwanamume hapiti. Ikijaa vumbi na mafuta yaliyoganda, inakwama, na hakuna wa kuifungua. Basi kampuni ilitaka bibi mwenyewe aifungue, kwa karatasi ya maelekezo atakayoisoma mwenyewe, na wengi wao walisoma Kiarabu. Karatasi hiyohiyo ingekwenda Unguja, Pemba na Maskati.

Ugumu wa kazi ulikuwa katika vitenzi. Mzungu ana kitenzi chake cha kulegeza skrubu bila kuitoa, ana kingine cha kuitoa kabisa, kingine cha kutenganisha vipande viwili vilivyoshikana, na kingine cha kuikongoa mashine yote mpaka ibaki mifupa. Kiswahili chetu hakina shida hapo: tunalegeza, tunang'oa, tunachomoa, tunapambua, tunakongoa. Lakini Kiarabu changu kilikuwa cha vitabuni, na vitabu vyangu vilikuwa vya tohara, sala, ndoa na mirathi. Nilivipekua. Kwa kutoa skrubu nikaweka neno linalotumika kwa kitu kinachotengua udhu. Kwa kutoa ubao wa chini nikaweka neno la kubomoa ukuta. Na kwa kutoa sindano nikaweka neno la kuchomoa upanga kwenye ala, taratibu, bila kuukwaruza. Neno lenyewe sitaliandika kwa herufi za Kizungu, maana litafanana na jingine lisilohusika. Niliiandika karatasi yote kwa hati yangu nzuri, nikairudia kuisoma, nikajiona mwanachuoni.

Seti hakujua Kiarabu, ila alijua biashara. Akasema karatasi ijaribiwe kwanza kwa Mzee Seif, Mmanga mfanyabiashara wa mbata, nazi kavu, ambaye binti yake alikuwa na cherehani iliyokwama. "Wakiifungua na kuirudisha kwa karatasi yako, utaandika maelekezo ya vyombo vyote vya kampuni, pwani nzima," akaniambia. "Wakishindwa, rudi Zinga kwenu."

Na Zinga nilikuwa nimeaga kwa maneno makubwa sana. Sikuweza kurudi.

Tulifika kwa Mzee Seif asubuhi. Mzee akatukaribisha barazani, mwanawe Nassor akachukua karatasi, akaingia nayo ndani. Mlango ulikuwa wazi na pazia limeshushwa. Nikasikia sauti ya mwanamke inasoma, safi, kama mtu aliyezaliwa na lugha ile, na kweli mama yake aliletwa kutoka Omani yeye akiwa tumboni. Huyo ndiye Bi Zuwena binti Seif. Akasoma mstari wa kwanza. Akasoma wa pili. Kikaanza kicheko, kwanza kimoja, halafu kama wanawake wanne pamoja, na mmoja akawa anakohoa kwa kucheka.

Nassor akatoka anajikaza uso. "Dada anauliza, cherehani hii ina udhu wa kutenguka?"

Mzee Seif akatazama fimbo yake. Seti akanitazama mimi.

"Mwambie hilo ni neno la Kiarabu fasihi," nikasema.

Sauti ikajibu yenyewe kutoka nyuma ya pazia, bila kumsubiri Nassor. "Najua, mwandishi. Nami sisemi ni kosa. Lakini mimi natoa skrubu, sitengui udhu wala sibomoi nyumba. Nani atafungua chombo chake kwa maneno ya kutisha namna hii?"

Nikasikia bisibisi inazunguka. Akawa anafungua na kusema, kila kipande na neno lake: fukki hapa, yaani fungua, shilli hapa, yaani ondoa. Maneno ya jikoni na uani, mafupi, anayomwambia mama bintiye kila siku. Nassor akawa anatoka na kuingia, ananipa moja moja, nami naandika juu ya maneno yangu, nayakata yangu kwa mkono wangu mwenyewe. Tulipofika kwenye sindano Nassor akasema, "Hapo hakusema kitu." Nikaliacha neno la upanga lilivyo. Nilidhani amechoka, au amelisaza kama mtu anavyosaza tonge moja sahanini. Baada ya kitambo tukasikia gurudumu linazunguka, na cherehani ikashona mshono mrefu bila kukwama.

Seti akapiga goti lake. "Andika maneno ya huyo bibi," akasema.

Kazi nikaipata, lakini niliipata kwa mdomo wa mtu mwingine, na kuanzia siku ile nilikuwa na kijicho. Nasema wazi kwa kuwa wazee wenzangu wakisimulia kazi zao hujifanya hawakuwahi kumwonea mtu wivu. Mimi nilimwonea. Karatasi ilipopigwa chapa haikuwa na jina la mtu, ila mjini waliiita karatasi ya Bi Zuwena. Nilipita vichochoro vya Bagamoyo nikasikia madirishani wasichana wakifungua cherehani huku wanaimba fukki, shilli, mpaka wasio na tone la Kiarabu. Mimi niliyekesha na nahau, hakuna aliyeimba langu hata moja.

Ikaja karabai, taa ya kupampu. Nikaandika peke yangu, nikajitahidi kuwa mwepesi, nikampelekea Seti. Akaniuliza, "Bi Zuwena ameiona?" Nikaipeleka. Ikarudi na maneno yangu matatu tu yakiwa mazima. Ikaja saa ya mezani, hali ni ileile. Halafu ikaja baiskeli, nikafurahi kwa roho mbaya kabisa. Nilisema moyoni, hapa nimemshika, binti wa ndani atajua nini habari ya baiskeli? Nassor akaiingiza ile baiskeli ukumbini. Siku ya tatu ikatoka imesafishwa, mnyororo unang'aa, na maneno yake yote yamepangwa toka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Nilitamani kuisukuma baharini.

Meneja wa kampuni akaja kutoka Dar es Salaam kukagua. Mzungu mrefu, mwenye adabu, aliyepata Kiarabu kidogo jeshini. Akasoma karatasi zangu, akasema, "Maneno haya yana uhai. Umeyapata wapi?" Seti akanitazama, akangoja niseme. Nikasema yametoka kwa bibi mmoja wa mji huu. Meneja akacheka, akasema nina bahati. Akanipa cheo cha mwandishi wa maelekezo wa pwani, nikawa natembea na vyombo vya mfano mpaka Sadani na Pangani, nawasomea watu barazani jinsi ya kufungua na kurudisha. Kila nilipomaliza kusoma, nilisifiwa, na kila nilipokumbuka ya nani, sifa ilinichacha.

Miaka ikapita hivyo, mimi barazani na yeye nyuma ya pazia. Sikumwona uso hata siku moja. Nilijua sauti yake ikiwa na mafua, nilijua akichukia neno husema "loo" kwa kuvuta, nilijua akilipenda hunyamaza. Nikawa nampelekea na vyombo ambavyo Seti hakuniagiza. Nikafungua kufuli la zamani la nyumba yetu Zinga nikalipeleka, nikamwambia Nassor ni kazi ya kampuni. Nikadhani bado ni kijicho kinachonisukuma, kwamba nangoja siku nimshinde.

Siku moja nikamkuta Nassor anafunga bahasha. Nikauliza ya nini. Akasema kuna mwalimu wa Unguja, anatunga kitabu cha maelekezo ya vyombo kwa Kiarabu, kikubwa, cha madrasa, naye amepata sifa za dada, amemwomba maneno. "Dada amempelekea ya mashine ya kusaga," akasema, "na sasa anampa ya karabai."

Kijicho nilikijua miaka yote ile, lakini hiki kilikuwa wivu wa sampuli nyingine. Mwanzo nilichukia kwamba maneno ni yake na si yangu. Sasa nilichukia kwamba anampa mtu mwingine. Nikaelewa nilichokuwa nakipeleka nyumba ile kila wiki, na ndugu zangu, nilielewa nimechelewa.

Nilimtuma ami yangu kwa Mzee Seif kuposa. Mzee alimpokea vizuri, akampa kahawa na haluwa, akamuuliza hali ya minazi yake. Halafu akasema, "Kijana wenu ni mtu wa maana, nami namheshimu. Lakini binti yangu ana wa kabila lake, ameshakuja." Ami akashukuru, wakaagana kwa mikono miwili. Hakukuwa na tusi, wala sikuwa na wa kumlaumu isipokuwa mambo yalivyokuwa. Mwalimu wa Unguja akamwoa mwaka uleule. Nilialikwa nikala pilau. Niliila yote, nikamtazama bwana harusi kilemba mpaka viatu, nikaona hana kilichonizidi ila nasaba, na kuona hivyo hakukunisaidia.

Meneja akanihamishia ofisi ya Dar es Salaam, nikakubali mbio. Huko nilifanya kazi chini ya mabwana wakubwa watatu. Wa kwanza alikuwa mkali wa wakati, wa pili alipenda tafsiri fupi akisema karatasi inagharimu, wa tatu hakusoma chochote, alitia sahihi tu. Vyombo vikawa vingi, pampu za maji na mashine za kusaga. Niliandika kwa mtindo wa Bi Zuwena maana nilikuwa nimekwisha uzoea, sikuwa na mwingine. Kitabu cha mwalimu kikatoka Unguja, kikafika ofisini, mabwana wakakisifu. Nilifungua kurasa chache nikawa naisikia sauti ile nyuma ya pazia, na juu ya jalada jina la mumewe. Nikakitia kabatini, chini ya makaratasi, na wakikitafuta nasema sijui kilipo.

Nilioa Kerege, mke mwema, Mwanahawa, tumezaa na kulea. Nilistaafu kabla kampuni haijafunga, nikarudi Zinga na cherehani moja ya mkono, zawadi ya kuagwa. Vijana hunijia kuuliza kazi ile ilikuwaje. Nawaambia: tafsiri kitenzi kwa ajili ya mkono utakaokitenda, usikitafsiri kwa ajili ya msomi atakayekusifu. Nawaambia hivyo kama kwamba niligundua mimi.

Mwezi uliopita Nassor alikuja, mvi tupu, anatembelea fimbo ya babake.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umepotea wewe."

Mwanahawa alikuwa ukumbini anaifungua cherehani aitie mafuta, anajisemea fukki, shilli, kama alivyofundishwa na mama yake, bila kujua ya nani. Alipofika kwenye sindano akalitamka neno la upanga. Nassor akaacha kikombe.

"Bado lipo hilo," akasema.

"Dada yako alilisahau," nikasema.

"Nani, Zuwena? Zuwena hasahau. Siku ile ndani alipolifikia aliwanyamazisha wenzake. Akasema kwa kunong'ona, sindano haing'olewi, inachomolewa kama upanga alani, na huyu mwandishi hapa ameona kweli. Akasema lake libaki."

"Nawe ukaniambia hakusema kitu."

"Sasa ningefanyaje?" akasema Nassor. "Dada yangu amsifu mwanamume aliyekaa barazani, nami nitoke nje kuitangaza sifa hiyo mbele ya baba na Seti?"

Ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo. Nikauliza habari za nyumba ya dada yake. Akasema mwalimu amefariki, Mungu amrehemu, Zuwena yupo kwa wanawe Unguja, macho hayaoni vizuri lakini anashona. Kisha akacheka peke yake.

"Neno lako lilimtesa mwalimu," akasema. "Alipotunga kitabu alilikata, akatia lake. Zuwena akalirudisha. Kikaenda chapa ya pili, mwalimu akalikata tena, Zuwena akalirudisha tena. Mwalimu akamuuliza kwa hasira, hili neno ni la nani hata likingwe hivi? Dada akamjibu, ni la mwandishi wa duka la Bagamoyo. Basi kaka, toka hapo shemeji yangu hakutaka kulisikia jina lako ndani ya nyumba yake. Mtu mzima, msomi, ananuna kwa ajili ya sindano."

Mwanahawa akauliza kutoka ukumbini tunacheka nini. Nikamwambia mambo ya kazi. Kisha nikamsogezea Nassor kahawa, nikamwambia hapo mwisho sikusikia vizuri, masikio ya uzee, anisimulie tena tangu mwanzo, na asiruke pale mwalimu aliponuna.