Dua ya Mzee Jillo

Naungama uzembe wangu. Matokeo ya mtihani wa leseni ya uhandisi yalipotoka, niliiona namba yangu kwenye orodha, nikakimbia kumwambia mama. Namba hizo hurudiwa kila mwaka. Sikutazama mwaka.

Jioni, kijiji chetu kizima cha Ngao kilijaa uani kwetu. Mto ulikuwa umemeza mashamba yao, na mchoro wa tuta jipya la kuzuia mafuriko ulingoja sahihi ya mhandisi mwenye leseni. Mzee Jillo, mfugaji jirani yetu, alileta maziwa, akainua mikono. “Ya Rabbi, mbariki injinia wetu.”

Simu ikalia.

“Weka spika, mwanangu, tusikie pongezi,” mama akasema.

Alikuwa Hawa, mtahiniwa mwenzangu. “Pole, kaka. Tumeanguka sote. Ile uliyonitumia ni orodha ya mwaka jana.”

Mzee Jillo akaishusha mikono polepole, bila kuipangusa usoni kuifunga dua.