Hema Lenye Milango Miwili

Nilinunua hema nikiwa na mdomo uliovimba na pengo mahali jino langu la mbele lilipokuwa juzi yake. Aliyekuwa akiuza ni mzee mmoja Mwislamu wa Nyeri mjini, fundi wa kushona zipu za mabegi, ambaye pembeni ya cherehani yake hurundika mahema yanayoachwa na wageni wakishuka kutoka mlimani. Aliutazama mdomo wangu, akamtazama binti yangu aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akaamua kuuliza habari ya hema peke yake.

"Mnapanda mlima watu wangapi, mama?"

"Wawili," nikasema. "Ama watatu."

"Sasa ni wawili ama ni watatu? Nikikupa ya wawili, wa tatu atalala nje."

"Basi nipe ya watatu. Lakini iwe nyepesi. Nataka kuibeba mgongoni mwenyewe kila asubuhi."

Hatukuwa tunapanda mlima. Mlima naujua. Nimewapikia wapandaji miaka mingi kutoka Naro Moru, na nimelala katika mahema ya kila namna, mazuri na ya kulia machozi. Sisi tulikuwa tunakwenda nyumbani, Mukurweini, kwenye kipande cha shamba alichonikatia marehemu baba, ambacho kaka yangu, ndugu yangu wa pekee, alikuwa ameapa kwamba sitalala juu yake nikiwa hai. Wa tatu alikuwa mama yangu. Sikujua kama angekuja.

Ni lazima nieleze habari ya kipande hicho, maana bila hiyo mtu atadhani nilirukwa na akili. Niliporudi kwetu baada ya ndoa kunishinda, ndoa ya ngumi ambayo sitaki kuisimulia, baba hakuniuliza swali hata moja. Aliwaita wazee wa ukoo, akatembea nao kutoka migomba ya chini hadi safu ya mwisho ya kahawa, na kwenye mpaka akapanda itoka. Hilo ni ua lenye kitunguu chini ardhini, na kwetu likishapandwa mpakani hata mwendawazimu haling'oi. Aliyekuwa akimpa vile vitunguu kimoja kimoja, akiviokota kutoka kwenye kiondo, alikuwa mama.

Baba alipokufa, kaka yangu alizing'oa itoka zote kabla mashada ya kaburini hayajakauka.

"Ati shamba? Shamba ya nani?" aliniambia mbele ya watu. "Wewe uliolewa. Rudi kwa yule alikuoa akupatie shamba."

Tuliitisha kikao. Wazee wawili walikuwa wameshafariki, na waliobaki ghafla wakawa na usahaulifu wa ajabu. Nikasema muulizeni mama, yeye ndiye aliyeshika kiondo. Watu wote wakamgeukia. Mama akaitazama mikono yake kana kwamba kuna kitu kimeandikwa pale, akanyamaza mpaka kikao kikavunjika. Nilijua anaishi hatua chache kutoka mlango wa kaka yangu, na kwamba kaka ndiye anayemnunulia dawa za presha. Nilijua yote hayo, na bado nilimchukia siku ile. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi nilikuwa nimeusubiri mshindo wa mama tangu utotoni, tangu siku ambazo kaka alikuwa akinipiga kwa fimbo ya ng'ombe na mama anapepeta maharagwe, nikachoka kusubiri.

Nilijenga chumba cha mabati. Nikaenda mlimani kupika, na niliporudi nilikuta mabati yamekatwakatwa kwa shoka, hakuna kipande cha kufunika hata kiota cha kuku. Nikajenga cha mbao. Kile alikichoma, pamoja na magodoro na sare za shule za binti yangu. Mara ya tatu nilikuwepo, ndio kwanza nachimba mashimo ya nguzo. Alikuja na kipini cha jembe, nikampata kwa jiwe juu ya jicho, akanipata kwa kipini mdomoni. Sitasema uongo: nilipoona damu inamwingia machoni nilifurahi. Nilikwenda kituo cha polisi nimeshika jino kwenye leso, nikaambiwa haya ni mambo ya familia, turudi tukaongee.

Nikiwa njiani kutoka kituoni ndipo wazo likanijia. Nyumba inabomolewa kwa sababu haiwezi kukimbia. Nikipata nyumba inayokimbia, atabomoa nini?

Basi fundi akatutandikia mahema matatu kwenye veranda ya duka lake. La kwanza lilikuwa la kijani, la watu wawili, jepesi kama shuka. Zamani, mlimani, ningelipenda kupita kiasi. Lakini lilikuwa na mlango mmoja. Nikaingia, nikakaa, nikamwambia binti yangu asimame mlangoni, nikaona mara moja kwamba sina pa kutokea. Mlango mmoja ni mtego. Nikalirudisha.

La pili lilikuwa kubwa na imara, la vijiti vya plastiki ngumu, ila zito, na halikusimama bila kupigiliwa vigingi kila pembe. Fundi alilisifia sana. Mimi nilikuwa nawaza kaka yangu akipita na kupiga teke moja, anang'oa vigingi viwili, na sisi tumezongwa ndani kama kuku kwenye gunia, yeye juu yetu na rungu.

La tatu lilikuwa la rangi ya chungwa. Vijiti vyake ni vya alumini, vinavyokunjwa vipande vipande na kuingia kwenye mfuko usiozidi mkono wangu. Lilisimama lenyewe, bila kigingi, hata ungeweza kuliinua na kulisogeza. Lilikuwa na milango miwili, mmoja kila upande. Liliitwa la watu watatu, ingawa anayelala katikati ni lazima awe anawapenda wenzake. Nikalipima begani, nikaona naweza kutembea nalo hadi kiwanda cha kahawa na kurudi.

"Mathe, hii rangi itaonekana mpaka Othaya," binti yangu akasema.

"Hivyo ndivyo nataka."

Mlimani hema hupakwa rangi hiyo ili ukipotea, wanaokutafuta wakuone. Mimi nilitaka kijiji kizima kione. Aliyezoea kubomoa nyumba wakati watu wako mashambani, sasa akalikate hili mchana, macho ya majirani yote juu yake.

Nikafunga macho, nikafungua na kufunga zipu zote kwa mkono mmoja. Kisha tukafanya mazoezi palepale dukani. "Akija huku?" nauliza. "Natokea huku," binti yangu anajibu, anachomoka upande wa pili, anakimbia hadi kwenye cherehani. Tulirudia mpaka wapita njia wakasimama kututazama. Fundi, aliyekuwa akitucheka mwanzoni, alikuwa ameacha kucheka. Alipokuwa akilikunja hema, alitia ndani ya mfuko kipande cha kitambaa cha rangi ileile, bila kusema ni cha nini, na mimi sikumuuliza.

Tulilisimamisha kwenye kipande changu jioni ya siku hiyohiyo. Kaka yangu alitoka, akaangalia, akacheka mpaka akashika magoti.

"Sasa umekuwa mzungu! Karibu kemping!"

Baadaye hakucheka. Aliturushia mawe, akaturushia kinyesi cha ng'ombe, akamfungulia fahali wake aje kujikuna kwenye vijiti. Kila alipokuja na panga asubuhi, alikuta nyasi zilizolala tu. Hema lilikuwa mgongoni mwangu, mimi niko kwenye kahawa za watu nachuma. Nilikuwa nikimpita nimepanda boda boda, hema begani, nampungia mkono. Nilijua namchokoza. Nilitaka ajue maumivu ya kukosa kitu cha kupiga.

Mama alikuwa akipita na mtungi wa maziwa, anatazama hema, anaendelea. Siku moja nilimsimamisha.

"Mama, iko na nafasi ya mtu wa tatu."

"Niko na nyumba," akasema.

"Nyumba ya nani?"

Akaenda zake na maziwa yake. Nilipiga teke jiwe la kupikia mpaka kidole kikavilia damu.

Kisha ikaja Jumapili moja baada ya usiku wa mvua. Anayejua mahema anajua kwamba ukilikunja likiwa limelowa linaoza na kunuka kama soksi za wapandaji. Kaka yangu huwa haachi kanisa, basi nikaliacha limesimama likauke, zipu zimefungwa, sisi tukateremka mtoni kuchota maji. Sikujua kwamba kanisani, baada ya ibada, watu walikuwa wamemzunguka wakimtania kwamba shamba lake limezaa chungwa kubwa kuliko yote ya Mukurweini, wakamwomba awauzie maganda. Mtu wa namna yake anaweza kuvumilia laana, lakini si kicheko.

Tulikuwa kwenye mtaro wa kahawa, tunapanda na madumu, niliposikia sauti yake.

"Toka! Toka leo nikumalize!"

Nilimwona kutoka chini. Alikuwa bado amevaa suti ya kanisani, viatu vimejaa matope, panga mkononi. Alikuwa anazungumza na hema. Alidhani nimo ndani, na kwa sababu hakujibiwa alizidi kupandwa na wazimu. Nikatupa dumu, nikakimbia. Nilikuwa namtukana nikikimbia, lakini upepo ulikuwa unatuelekea sisi. Akainua panga, akashusha. Kitambaa kikapasuka kwa sauti ndogo, kama mtu anayerarua gazeti. Akashusha tena, na hapo nilikuwa na hasira ya hema tu, hasira ya nyumba yangu ya tatu, nilikuwa natafuta jiwe la kumwua nalo.

Kisha kwenye lile pengo ukatoka mkono, unachuruzika damu kutoka kiwikoni hadi vidoleni. Nikautambua kabla sijaona uso. Ulikuwa mkono niliouona kwenye kikao, ukitazamwa.

Mama akatoka polepole, kilemba kimepinda. Hakulia. Alisimama mbele ya mwanawe, damu inadondoka kwenye nyasi, akamwambia kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi:

"Maliza basi. Si umesema unamaliza?"

Panga likamponyoka. Kaka yangu akapiga magoti kwenye matope na suti yake, akaanza kutoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima, sauti ya ndama. Majirani walikuwa wamejaa kwenye ua, wote wameona. Kwetu mtu aliyemwaga damu ya mama yake hana mahali pa kukaa, si kanisani, si kilabuni.

Mimi nikaliokota panga. Shingo yake ilikuwa imeinama mbele yangu, kola nyeupe, safi. Nilikumbuka mabati, moto, jino, fimbo ya ng'ombe. Nikaliinua. Binti yangu alipiga kelele, sikumsikia. Aliyenirudisha ni mama, na hakuinua sauti.

"Weka hiyo panga. Ni ya kuchimba."

Sikuelewa. Nikalitupa, nikamfunga mkono kwa leso yangu na ya binti yangu, tukampakia kwenye boda boda katikati, mimi nyuma nimemkumbatia. Zahanati walimshona. Hakusema neno njia nzima, na mimi nilikuwa nalia kwa hasira kwa sababu hata sasa hakusema neno.

Tuliporudi, binti yangu alikuwa amesafisha ndani ya hema. Alinionyesha alichokikuta: blanketi la shosho yake, mama yangu, limekunjwa vizuri katikati, mahali pa mtu wa tatu, na kiondo. Ndani ya kiondo mlikuwa na vitunguu vya itoka, vyenye udongo mbichi. Siku ile kaka alipoving'oa, mama aliviokota, akavipanda nyuma ya jiko lake, akavitunza muda wote huo bila kumwambia mtu.

Kesho yake kaka yangu alivipanda mpakani kwa panga lilelile, mama amesimama juu yake na mkono umefungwa shingoni. Kila alipofika pembeni alimwangalia mama, na mama alionyesha kwa kidevu: hapa, sogeza, hapa. Wale wazee waliosahau walikuja kutazama, wakaonekana kukumbuka. Tangu siku hiyo hajavuka. Sijamsamehe, na mama hajawahi kuniomba nimsamehe.

Jioni ile nilikaa nikishona lile pengo kwa kitambaa cha fundi. Mama alikuwa ameshalala katikati, binti yangu upande mmoja. Nikamuuliza kilichokuwa kinanikereketa.

"Mama, hukumsikia akija?"

"Nilimsikia tangu kwa lango. Hiyo miguu naijua tangu akiwa mtoto."

"Huu mlango mwingine ulikuwa wazi. Ndio uliingilia. Ungetoka tu."

"Niliuona."

Sindano ikanisimama mkononi. "Na hukumwita. Ungesema tu ni wewe, angeacha."

"Ndiyo, angeacha," mama akasema. "Angeenda nyumbani. Halafu kesho akupate wewe ndani."

Akajivuta blanketi hadi kidevuni kwa ule mkono mzima.

"Funga mlango sasa. Baridi inaingia."

Nikafunga yote miwili.