Mgeni Aliyetema Baraka

Wenzangu, naficha uso tangu Jumamosi. Kazi yangu ni kuwatembeza watalii wanaokuja Arusha kula na kunywa. Siku hiyo nilikuwa na mzungu mmoja mwenye ndevu nyeupe, mwonjaji wa mvinyo, nikampeleka kwa Babu Lomayani, kule chini ya Meru, akaonje pombe ya ndizi.

Mgeni akapiga funda, akasukutua kama anapiga mswaki, kisha pwaa! Akatema chini, kama waonjaji wa mvinyo wafanyavyo kazini ili wasilewe.

"Pombe yangu mbaya?" Babu akaniuliza, uso umemkunjamana.

Kwa Waarusha, mzee akibariki hutema pombe, basi ulimi ukanitangulia: "Hapana, babu! Huyu kwao ni mzee wa mila. Anabariki boma lako."

Babu akachangamka, akaita wajukuu wote wabarikiwe. Ikabidi nimdanganye na mgeni kwa Kiingereza: hapa pombe ikiwa tamu, watu hutemewa kichwani. Akafurahi! Akatemea wajukuu, akatemea ndama.

"Na wewe, mwanangu, hutaki?" Babu akanihimiza. Ningekataaje? Nikapiga magoti, nikaloweshwa.

Ndipo mkwe wa Babu, Neema, mwalimu wa Kiingereza, akamshukuru mgeni kwa baraka zake. Mgeni akashangaa, akajibu kwa kirefu.

"Baba," Neema akamgeukia Babu, "anasema baraka hazijui. Eti kaambiwa na huyu kwamba hivi ndivyo tunavyosifu pombe."

Nilikuwa bado nimepiga magoti, pombe ikinichuruzika puani. Babu akachukua kibuyu, akajaza mashavu, akanilenga.

Ile haikuwa baraka.